Dhahabu ya Kilwa na Zama za Mwamko wa Ulaya

Katika madarasa mengi ya historia, zama ambazo Wazungu wenyewe huziita Renesansi, yaani Zama za Mwamko, hufundishwa kama orodha ya majina. Mwanafunzi hutakiwa akariri kwamba Leonardo da Vinci alizaliwa mwaka 1452 na kufa mwaka 1519. Kwamba Michelangelo alichonga sanamu ya Daudi. Kwamba Lorenzo de' Medici wa Firenze alikuwa mlezi wa wasanii. Kwamba Machiavelli aliandika juu ya utawala na Copernicus akaliondoa dunia katikati ya mbingu. Mtihani ukiisha, majina nayo yanakwisha. Kinachobaki kichwani ni kasumba moja tu: kwamba karne ya 15 na ya 16 akili ya binadamu iliamka mahali pamoja, huko Italia, na kwamba sisi wengine tulikuwa tumelala tukisubiri kuamshwa.

Makala haya hayakusudii kuwatukana watu hao. Kazi zao ni kubwa, na Engels mwenyewe, katika maandishi yake juu ya dialektiki ya maumbile, aliwasifu kuwa watu majabari wa fikra na wa ufundi. Tunalokusudia ni kuuliza swali ambalo orodha ya majina haiulizi: majabari hao walisimama juu ya mabega ya nani? Na kwa kuwa swali la namna hii likiulizwa hewani huleta jibu la hewani, tutalifuata kwa njia ya kitu kimoja kinachoonekana kwa macho, ambacho kimetengenezwa kwa dhahabu iliyotoka pwani yetu wenyewe.

Tulipokuwa tukiendesha darasa la elimu ya siasa Mkongo, Rufiji, mzee mmoja mkulima alituuliza: "Sasa mwalimu, hao Wataliano na sisi watu wa bondeni tunahusiana nini?" Swali lilikuwa la haki. Mkongo haioni bahari. Iko kaskazini mwa mto Rufiji, juu ya bonde la mafuriko, kwa watu wanaolima mpunga wakati wa mvua na kilimo cha mlao maji yakipungua. Lakini mto ule unateremka kwenye delta, na kutoka delta jahazi lilikuwa likienda Mafia, na Kilwa, na Arabuni. Jibu la mzee lipo kwenye njia hiyo ya maji.

Msingi wa utukufu wa Firenze

Tuanze na kwao. Mji wa Firenze haukutajirika kwa sababu watu wake walipenda uzuri kuliko wengine. Ulitajirika kwa sufu na kwa benki. Sufu ilisafishwa, ikachanwa, ikasokotwa na kutiwa rangi na maelfu ya vibarua ambao hawakuruhusiwa kuwa na chama chao. Mwaka 1378 vibarua hao, waitwao Ciompi, waliasi na kuushika utawala wa mji. Kiongozi waliyemweka, Michele di Lando, alikuwa mchana-sufu. Kabla miezi miwili haijapita, matajiri walikuwa wamewagawanya na kuwavunja. Benki ya Medici ilianzishwa mwaka 1397, miaka 19 tu baada ya maasi hayo kuzimwa. Kwa hiyo mwanafunzi anayesoma juu ya ukarimu wa Lorenzo kwa wasanii, na asome pia kwamba ukarimu huo ulitoka kwenye ziada ambayo wengine walikuwa wameizalisha na kushindwa kuidai.

Na tusidhani mabwanyenye hao waliwaonea wafanyakazi wa mji wao peke yao. Mwaka 1472 palizuka ugomvi juu ya machimbo ya shabu karibu na mji mdogo wa Volterra. Shabu ni madini yanayoshikisha rangi kwenye nguo, na bila shabu biashara ya sufu husimama. Lorenzo alipeleka jeshi. Aliyeliongoza ni Federico da Montefeltro wa Urbino, mtawala anayesifiwa hadi leo kwa maktaba yake ya ajabu. Volterra ilijisalimisha, kisha ikaporwa. Miongoni mwa vitu vilivyotoka humo na kuingia katika maktaba ya Federico ilikuwa Biblia nzuri ya Kiebrania iliyoandikwa kwa mkono. Tunautaja mkasa huu kwa makusudi. Desturi ya kupora mji na kutoka na kazi ya sanaa ilikuwa imezoeleka nyumbani kwao kabla ya merikebu zao kuifikia pwani yetu.

Wakati mwingine hata jiwe lenyewe husema. Daudi wa Michelangelo alichongwa kati ya mwaka 1501 na 1504 kutoka katika jiwe la marumaru la Carrara. Ilipokamilika, sanamu ilichukua siku nne kuhamishwa hadi uwanja wa mji, ikisukumwa na watu zaidi ya 40. Jina la Michelangelo analijua kila mtu. Waliolikata jiwe mlimani Carrara na wale waliosukuma, historia imewahesabu tu.

Kilwa katika karne zilezile

Sasa turudi kwetu. Wakati Firenze inajenga, Kilwa ilikuwa imekwisha kujenga. Husuni Kubwa, jumba la Sultani al-Hasan bin Sulaiman, lilijengwa mwanzoni mwa karne ya 14. Lilikuwa na vyumba zaidi ya 100, nyua, ghala za bidhaa, na birika la kuogea lenye pembe nane, juu ya jabali linalotazama bahari. Sarafu ya shaba yenye jina la sultani huyo imepatikana hata Zimbabwe Kuu. Msikiti Mkuu wa Kilwa ulipanuliwa katika zama hizo kwa nguzo, matao na kuba, na sehemu iliyoporomoka ilijengwa upya katika karne ya 15. Msafiri Ibn Battuta wa Morocco aliyefika mwaka 1331 aliusifu mji na kumsifu sultani kwa ucha Mungu na kwa ukarimu, akaeleza kwamba watu walimpa lakabu ya baba wa vipawa.

Hapa ndipo waalimu wengi wazalendo husimama na kupiga makofi. Tunawaomba waendelee kusoma ukurasa uleule. Ibn Battuta anaeleza pia kwamba sultani huyo karimu alikuwa akifanya mashambulio ya mara kwa mara katika nchi ya watu weusi wa bara, akiteka ngawira na kuigawa kwa mafungu. Vipawa vilikuwa na baba. Vilikuwa pia na walioporwa. Miaka karibu 170 baadaye, Mjerumani mmoja jina lake Hans Mayr, aliyekuwamo katika merikebu za Wareno mwaka 1505, aliandika kwamba Kilwa watumwa weusi walikuwa wengi kuliko Waislamu weupe, na kwamba ndio waliolima mashamba. Mayr alikuwa adui aliyekuja kupora, na maneno yake lazima yapimwe. Hata rangi za watu anazigawa kwa macho ya kigeni. Lakini juu ya nani aliyeshika jembe hakuwa na sababu ya kudanganya.

Tuitazame nyumba ya Kilwa kama mfanyakazi anavyoitazama. Matumbawe yalizamiwa baharini na kukatwa yangali mabichi na laini, kisha yakaachwa yakauke na kuwa magumu. Chokaa ilipatikana kwa kuchoma matumbawe juu ya lundo kubwa la kuni. Dari ilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba: mita mbili na nusu, au tatu, hazizidi sana. Tajiri awe na dhahabu kiasi gani, chumba chake kilikuwa na upana ambao mti wa mkandaa ulimruhusu. Kwa kupita tu, tuseme kwamba jambo hili latosha kumfundisha mtu uhusiano wa nyenzo na fikra kuliko kurasa nyingi za nadharia.

Msitu mkubwa kuliko yote wa mikoko katika Afrika Mashariki uko katika delta ya Rufiji. Unazidi hekta 50,000. Biashara yake ya fito, pau, boriti na nguzo imewalisha mabaharia wa pwani na wa Arabuni kwa karne nyingi, hata Wajerumani walipoishika nchi waliharakisha kuutangaza msitu huo kuwa hifadhi ya serikali yao, mwaka 1898. Ng'ambo ya delta, kwenye ncha ya magharibi ya kisiwa cha Mafia, upo mji wa kale wa Kisimani, na habari za kale za Kilwa zinaitaja Mafia tangu mwanzo kama nchi ya watoto wa nyumba ya kifalme ya Kilwa. Wala watu wa bonde hili hawakuanza kuijua dunia kwa hisani ya masultani. Mwaka 1999 Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam alichapisha habari za shanga za asili ya Kirumi zilizofukuliwa katika eneo la Rufiji. Shanga hizo zinatuambia kwamba bonde lilikuwa na biashara ya mbali karne nyingi kabla ya jiwe la kwanza la Husuni Kubwa kuwekwa.

Na dhahabu yenyewe? Kilwa haina mgodi. Dhahabu ilichimbwa katika nyanda za juu za Zimbabwe, ikateremshwa hadi Sofala, na Kilwa ikatoza ushuru kwa sababu iliishika njia. Tabaka tawala la Kilwa lilikuwa tabaka la wafanyabiashara walioishi kwa kukaa katikati: baina ya mchimbaji asiyemjua mnunuzi, na mnunuzi asiyemjua mchimbaji. Jambo hili ni muhimu kwa kuelewa yaliyofuata.

Mithqali 1,500

Vasco da Gama alipita pwani yetu mwaka 1498 bila kuingia Kilwa. Aliyeingia ni Pedro Álvares Cabral, mwezi Julai mwaka 1500. Tusidhani hizo zilikuwa merikebu za mfalme peke yake. Mmoja wa waliotia mtaji katika msafara wa Cabral alikuwa Bartolomeo Marchionni, tajiri wa Firenze aliyeishi Lisbon. Mji uleule unaotuletea wachoraji ulituletea na wenye hisa.

Mwaka 1502 Vasco da Gama alirudi akiwa na mizinga mingi. Aliyetawala Kilwa wakati huo ni Amir Ibrahim, ambaye hakuwa sultani kwa nasaba. Alikuwa ameshika madaraka huku nyumba ya kifalme ikizozana. Vasco alimtisha kwamba atauchoma mji, akamtoza kodi ya kila mwaka kwa mfalme wa Ureno: mithqali 1,500 za dhahabu, yaani kilo sita na ushei. Maandishi ya Kireno yanasimulia kwamba Amir alimtoa tajiri mmoja, Muhammad Ankoni, awe rehani, kisha akakaa kimya kana kwamba hamjui, na Ankoni akalazimika kuitafuta dhahabu hiyo mwenyewe ili aokoe shingo yake. Msomaji akumbuke jina hilo.

Dhahabu hiyo ilifika Lisbon. Mfalme Manuel wa Kwanza aliamuru fundi wake Gil Vicente aitengenezee monstransi, kile chombo ambacho Wakatoliki huweka Ekaristi ili ionekane na kuabudiwa. Kazi ilikamilika mwaka 1506. Chombo hicho kina urefu wa sentimita 73, ni cha dhahabu na nakshi za rangi, na ndani yake mitume kumi na wawili wamepiga magoti. Chini kuna tufe za mbingu, alama ya mfalme aliyejiona bwana wa bahari zote. Wataalamu wengi wanaamini kwamba fundi huyo Gil Vicente ndiye yule Gil Vicente mtunzi wa tamthilia, baba wa michezo ya kuigiza ya Ureno. Mfalme aliikabidhi kwa nyumba ya watawa ya Belém, ambayo nayo ilikuwa ikijengwa kwa fungu lililokatwa katika faida ya biashara ya Afrika na Bara Hindi. Leo imo katika Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale, Lisbon.

Inakubalika kuwa moja ya kazi bora kabisa za ufundi wa dhahabu wa Ureno wa zama zile, na sisi hatuoni sababu ya kubisha. Fundi alikuwa fundi. Lakini kuzunguka kitako chake kuna maandishi, na maandishi hayo yanaeleza bila kuficha kwamba Mfalme Manuel aliamuru chombo kitengenezwe kwa dhahabu na kodi ya Kilwa. Mara chache sana mnyonyaji hutoa stakabadhi iliyo wazi namna hii. Marx alipoeleza ulimbikizaji wa awali wa mtaji, alihitaji kuchambua sheria na takwimu za karne kadhaa. Hapa maelezo yote yamechongwa kwenye kitako cha chombo kimoja.

Tuziweke tarehe pamoja. Mwaka 1502 kodi inatozwa Kilwa kwa mtutu. Mwaka 1504 Daudi anasimamishwa Firenze. Tarehe 24 Julai 1505 Francisco de Almeida anatua Kilwa kwa silaha, kwa hoja kwamba kodi haikulipwa; mji unaporwa na ngome inajengwa. Mwezi Agosti Mombasa inachomwa. Mwaka 1506 monstransi inakamilika. Tangu 1508 hadi 1512 Michelangelo yuko juu ya jukwaa, shingo nyuma, anachora dari ya Sistina, na mwaka huohuo wa 1512 askari wa Kireno wanaiacha ngome yao ya Kilwa, kwa sababu biashara waliyokuja kuishika ilikuwa imekwisha kufa mikononi mwao.

Katika msafara huo wa Almeida mlikuwa na merikebu zilizogharimiwa na matajiri wa Ujerumani, akina Welser na akina Fugger wa Augsburg. Jakob Fugger ndiye yule tajiri ambaye sura yake ilichorwa na Albrecht Dürer. Wakala mmoja wa akina Welser, Balthasar Springer, alisafiri na merikebu hizo, na kutokana na habari zake msanii Hans Burgkmair wa Augsburg alichonga, mwaka 1508, picha za watu wa Afrika na wa Bara Hindi, ambazo hutajwa katika vitabu vya sanaa kwa jinsi zilivyowaonyesha watu weusi kwa heshima na kwa usahihi. Hatuna ugomvi na mkono wa Burgkmair. Lakini macho yaliyowatazama watu hao kwanza yalikuwa macho ya mtu wa hesabu, aliyekuwa melini kulinda mtaji.

Kwa nini mlango ulifunguka

Ni rahisi kueleza kuanguka kwa Kilwa kwa neno moja: mizinga. Mizinga ilikuwapo, na si haki kuipuuza. Lakini Wareno walikuwa mamia tu, mbali na kwao, na mji ulikuwa wa maelfu. Kwa nini haukupiganiwa?

Mwaka 1513, mwaka mmoja tu baada ya Wareno kuondoka Kilwa, Niccolò Machiavelli aliandika kitabu chake juu ya mtawala. Mtu huyu ametumiwa kama jina la hila na uovu, lakini katika kitabu hicho anafundisha jambo moja ambalo Amir Ibrahim angelihitaji sana: kwamba mtawala aliyechukiwa na watu wake hawezi kuokolewa na ngome, na kwamba anayetegemea silaha za kuazima amekwisha kupotea. Machiavelli hakuwa rafiki wa wavujajasho. Alikuwa akimpa mawaidha mtawala. Hata hivyo aliona kwamba nguvu ya dola iko kwa umma, na hilo ndilo jambo ambalo tabaka tawala la Kilwa halikuliona. Mkulima mtumwa aliyelima shamba la bwana alikuwa na sababu gani ya kufia ukuta wa bwana? Mtu wa bara aliyezoea kuvamiwa atakimbia vipi kuja kumsaidia aliyemvamia?

Na juu, miongoni mwa mabwana wenyewe, hali ilikuwa mbaya zaidi. Amir Ibrahim alikimbia. Almeida alimtafuta mtu wa kumtawaza, akampata Muhammad Ankoni, yule rehani wa mwaka 1502, tajiri mwenye asili ya Dabul huko India. Alivishwa taji la dhahabu ambalo lilikuwa limeletwa kutoka Ureno kwa ajili ya mfalme mwingine kabisa, mfalme wa Cochin. Ilibidi liazimwe kwa sherehe ile. Kibaraka alivaa taji la mkopo. Mwaka uliofuata aliuawa, na Kilwa ikaingia katika ugomvi wa wagombea kiti, huyu akiungwa mkono na ngome na yule akiungwa mkono na bara.

Yupo mtu mmoja aliyeyaona haya kwa ndani na kuyaandika. Hatumjui jina. Tunajua, kwa maelezo yake mwenyewe, kwamba alizaliwa mwaka 1499, na kwamba katika miaka ya baada ya uvamizi aliombwa na sultani wa Kilwa aandike habari za mji wake. Aliandika kwa Kiarabu kitabu ambacho kimefika kwetu kikiwa pungufu, na nakala yake, iliyonakiliwa katika karne ya 19 na kutolewa na Sultani Barghash wa Unguja kwa balozi wa Kiingereza John Kirk, sasa iko London katika British Library. Habari nyingine za aina hiyohiyo zilimfikia Mreno João de Barros, naye akazichapisha mwaka 1552. Mwandishi huyu wa Kilwa alikuwa rika la kina Machiavelli na Thomas More katika kazi ya fikra: mtu aliyekaa chini katikati ya magofu na kuuliza dola yetu ilikuwaje na imevunjikaje. Tunaona ajabu kwamba kijana wetu anaweza kutaja vitabu vitatu vya Wataliano wa karne ile na asijue kuwa kitabu hiki kiliandikwa.

Lakini hata hapa tusiwe vipofu. Kitabu cha Kilwa ni kitabu cha nasaba. Kinajua mtoto wa nani alimrithi nani, na sultani gani alijenga. Wachimba chokaa hawamo. Waandishi wa Ulaya hawakuwa bora. Thomas More, katika kitabu chake cha mwaka 1516 juu ya nchi ya kufikirika ya Utopia, alimweka baharia Mreno asimulie habari za nchi isiyo na mali ya binafsi, ambako dhahabu imedharauliwa hata hutengenezewa vyombo vya haja na minyororo. Ni fikra ya kimapinduzi kweli, hasa ikikumbukwa dhahabu ya Kilwa ilikuwa imefanywa nini miaka kumi tu nyuma. Hata hivyo minyororo ile ya dhahabu ilivaliwa na watumwa. Mtu aliyeweza kufikiri nchi isiyo na mali alishindwa kufikiri nchi isiyo na watumwa.

Ujuzi wa baharini ni sura nyingine, nasi tutaigusa tu. Ahmad ibn Majid wa Julfar, katika Ghuba, aliandika kitabu kikubwa cha ubaharia karibu mwaka 1490, pamoja na mashairi ya kuelekeza safari, mojawapo likihusu njia ya Sofala. Kwa muda mrefu ilisemwa kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi kwenda India mwaka 1498. Wataalamu wa leo hawalikubali dai hilo. Wareno wenyewe walimtaja nahodha wa Kigujarati. Lililo muhimu ni kwamba njia haikugunduliwa. Iliulizwa, na aliyejua akaionyesha.

Makosa mawili ya kuepuka

Katika mijadala yetu tumekutana na makosa mawili. La kwanza ni kupiga magoti: kuona kila kilichotoka Firenze na Lisbon kuwa kipimo cha ubinadamu, na kufikiri kwamba kazi yetu ni kushangaa. La pili limeota kama dawa ya la kwanza, nalo ni kusema kwamba sanaa hiyo ni ya wezi, haituhusu, na badala yake tuwaimbe masultani wetu. Ndugu wenye mawazo haya wana uchungu wa kweli, lakini wanabadilisha mabwana tu. Al-Hasan bin Sulaiman na Lorenzo de' Medici wangeelewana vizuri sana wakikaa mezani pamoja. Wote wawili walijenga kwa ziada ya wengine, wote wawili waliteka majirani, na wote wawili walisifiwa na wageni waliokula kwao.

Walter Rodney, katika kitabu chake cha mwaka 1972 ambacho kilichapishwa pia Dar es Salaam na Tanzania Publishing House, aliwataka Waafrika wasikatae kuiona miji yao ya zamani, na wakati huohuo wasifiche kwamba ilikuwa na matabaka. Njia hiyo ndiyo tunayoifuata. Kwa msingi huo monstransi ya Belém ni kazi ya mikono mingi: ya mchimbaji wa nyanda za Zimbabwe, ya mpagazi wa Sofala, ya baharia wa jahazi, na mwishowe ya Gil Vicente. Anayeiangalia na kumwona Gil Vicente peke yake hajaiona. Anayeiangalia na kumwona sultani aliyeporwa peke yake naye hajaiona, maana sultani hakuichimba.

Katika darasa la Mkongo mama mmoja alisema basi irudishwe Kilwa. Wengine walicheka. Hatukucheka sisi. Mjadala wa kurudisha mali za kale za Afrika umekuwa mkubwa duniani katika miaka ya karibuni, na hakuna kitu ambacho ushahidi wake uko wazi kuliko hiki chenye jina la Kilwa mwilini mwake. Lakini tuliuliza swali lililofuata, na hilo ndilo lililochukua jioni nzima: ikirudi, akabidhiwe nani? Kizazi cha Amir Ibrahim? Kizazi cha Ankoni? Makumbusho ya Dar es Salaam? Watu wa Zimbabwe, ambao ardhi yao ndiyo iliyotoa dhahabu? Darasa liligawanyika, nasi tuliona ni afadhali ligawanyike kwa hoja kuliko kuungana kwa makofi.

Kwa mwalimu atakayefundisha sura hii, shauri letu ni kwamba asianze na Italia. Aanze na ubao wa boriti sokoni Kibiti au Ikwiriri, aulize umekatwa wapi na kwa malipo gani, kisha aende Kilwa. Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia, na mtu wa Rufiji hahitaji kusafiri mbali kuyaona. Gereza linaloonekana ufukweni ni la Waomani wa mwanzoni mwa karne ya 19, limejengwa juu ya mabaki ya ngome ya Almeida. Mwalimu awaambie wanafunzi hilo, kwa sababu wengi huondoka wakidhani wameona kazi ya Wareno. Kisha awapeleke kwenye kuta za nyumba. Boriti zimeoza siku nyingi, lakini matundu zilimokuwa zimelala bado yapo kwenye mawe, na wanafunzi wanaweza kuyahesabu, kupima nafasi kati ya ukuta na ukuta, na kukadiria wenyewe miti mingapi ilikatwa kwa chumba kimoja.